Kuhamia Brazili: CPF kwanza, nyumba baadaye

Kama umeshaamua unahamia Brazili basi usianze na nyumba. Najua ndo kitu cha kwanza kila mtu anafanya, anakesha kwenye simu anaangalia apatimenti za Rio zenye bahari dirishani, lakini kule mambo yote yanaanzia kwenye namba moja inaitwa CPF. Kwa jina ni namba ya mlipa kodi, tarakimu 11, ila kwa maisha ya kawaida ni kubwa kuliko hapo, bila hiyo akaunti ya benki sahau, ukinunua kitu mtandaoni fomu inakugomea, laini ya simu nayo inakuwa kesi, hadi duka la dawa umeenda na kichwa kinauma unaulizwa CPF kwanza ndo uambiwe kama kuna punguzo. Uzuri ni kwamba mgeni anaweza kuipata hata kabla hajakanyaga kule, unaomba kupitia ubalozi wa Brazili unaohudumia nchi uliyopo. Ukishaipata ikariri kabisa, utaitaja mara tatu kwa siku.

Na jina la mama yako nalo. Usicheke, Wabrazili jina la mama wanalitumia kuhakikisha wewe ni wewe, liko kwenye fomu za serikali, na ukipiga simu huduma kwa wateja unaweza kuulizwa hilohilo. Kwahiyo kama cheti cha kuzaliwa kimeandika jina la mama yako kwa namna moja na makaratasi mengine yanasema tofauti, rekebisha ukiwa bado nyumbani, maana pasipoti nyingi hazina majina ya wazazi na cheti ndo kitakuja kuulizwa wakati wa kujiandikisha.

Tukiwa hapohapo kwenye vyeti, kuna kosa linaloumiza watu kweli. Cheti chako hakikubaliki hivihivi. Nchi yako ikiwa kwenye mkataba wa apostili, yaani muhuri wa kuthibitisha makaratasi unaotambulika kimataifa (Brazili wanautumia tangu 2016), unagonga apostili kwenu, kama haipo unapeleka cheti kikathibitishwe na ubalozi wa Brazili unaohusika na nchi iliyokitoa. Hiyo mihuri inafanyika kule cheti kilikotoka, yaani ukishapanda ndege umeshachelewa, utaanza kutuma makaratasi na kubembeleza ndugu wakapange foleni kwa niaba yako. Tafsiri ya Kireno ni kinyume chake, subiri ufike, kwa sababu wanataka ya mtafsiri aliyeapishwa Brazili, anaitwa tradutor juramentado, ile ya rafiki yako anayejua Kireno haina kazi.

Viza iko ya aina nyingi, kazi, masomo, familia, ila wanaofanya kazi kwa mtandao wengi wanaiangalia ile ya 2021 ambayo unaonyesha kipato cha dola 1,500 kwa mwezi au akiba ya dola 18,000, pamoja na bima ya afya. Ukiingia na viza ya kuishi una siku 90 za kujiandikisha Polícia Federal (polisi wa taifa) upate kitambulisho cha mgeni, CRNM. Usisubiri siku ya 80 eti bado unazoea mji, miadi inawekwa mtandaoni na kwenye miji mikubwa nafasi zinajaa, na ukipitisha ni faini ya reais (pesa ya Brazili) 100 kila siku. Ile karatasi wanayokupa siku hiyo wakati kadi inatengenezwa itunze vizuri, ndo kitambulisho chako kwa sasa.

Haya, sasa nyumba. Miezi ya mwanzo chukua ya muda yenye fenicha, sheria yao ya upangaji inaruhusu mkataba wa mda mfupi hadi siku 90 na mwenye nyumba anaweza kudai hela yote mbele. Mkataba wa kawaida mara nyingi ni miezi 30, na utaombwa fiador, yaani mtu wa kukudhamini, tena mwenye nyumba yake, sasa wewe umefika juzi unamtoa wapi? Jibu ni bima ya kodi ya nyumba au dipoziti, na dipoziti kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu, akitaka zaidi mwambie hapana. Angalia bei vizuri pia, tangazo linaweza kuonyesha kodi tupu na chini kwa herufi ndogo kuna condomínio (pesa ya kuendesha jengo) na IPTU (kodi ya serikali kwa jengo), jumlisha zote ndo ujue. Alafu "haina fenicha" kule wanamaanisha kweli, hamna friji, hamna jiko, saa ingine taa zenyewe mpangaji aliyeondoka kazing'oa umebakiwa na waya zinaning'inia darini.

Mkataba unaweza kukupeleka cartório, ofisi ya kuthibitisha saini. Unasaini kwenye kadi yao mara ya kwanza, baada ya hapo kila karatasi wanalinganisha na ile kadi. Kama saini yako hubadilika kutokana na haraka, chagua moja leo na uishi nayo.

Pesa ni rahisi ukishakuwa na benki. Kuna Pix, mfumo wa Benki Kuu wa tangu Novemba 2020, unatuma sekunde chache na kwa mtu binafsi kwa kawaida haukatwi kitu, hadi muuza nazi ufukweni ana karatasi yake ya kuskani. Kodi ya mapato usiipuuze, ukija na mkataba wa kazi unahesabiwa mkazi tangu unafika, wengine wengi ni baada ya siku 183 ndani ya miezi 12, na mkazi anatangaza hadi kipato cha nje.

Hospitali za umma, SUS, ni bure kwa kila mtu hadi mgeni, foleni ndo shida. Bima binafsi ina mda wa kusubiri, dharura saa 24, kujifungua siku 300, kwahiyo mwenye mpango wa mtoto ahesabu mapema.

Simu usiishike ukingoni mwa barabara, wa pikipiki anapita nayo. Wengi apu za benki wanaziacha kwenye simu ya pili nyumbani, nami nafanya hivyo.

La mwisho umeme, ambalo hakuna aliyeniambia. Soketi ni zilezile nchi nzima, matundu matatu ya duara, ila volti zinabadilika kwa mji! São Paulo 127, Florianópolis 220. Mimi nilihama na blenda yangu kutoka mji wa kwanza kwenda wa pili, nikachomeka, ikalia kama ndege inapaa, moshi, kwisha. Soma kibandiko nyuma ya kila kifaa, kikiandika bivolt uko salama. Na bafuni utakuta bomba la mvua linalochemsha maji hapohapo kichwani kwako, ukitaka yawe moto zaidi punguza maji, usigeuze ile swichi ya moto na baridi maji yakiwa yanatoka, na ukiona nyaya ziko wazi pale juu mwite fundi kabla hujavua nguo.