Bia nyekundu isiyokwaruza koo

Kukhu (bibi) yangu kule Kakamega, Kenya, alikuwa akikaanga kinyunya cha unga wa mahindi kwenye bati mpaka kigeuke kahawia, ndipo akichanganye na maji na kimea cha wimbi apate busaa, pombe yetu ya kienyeji. Nilipohamia Cork, Ayalandi, nikaanza kupika bia nyekundu ya Kiayalandi jikoni mwangu, kumbe rangi yake nayo ni habari ya kukaanga. Ila hapa mkono uwe mwepesi.

Kwa lita 10 hutumia kilo 2 za kimea cheupe cha shayiri, gramu 150 za kimea cha karameli (kimea kilichopikwa sukari yake ikawa karameli) na gramu 50 tu za shayiri iliyokaangwa. Viparazwe, visisagwe vikawa unga. Mara ya kwanza tamaa ya rangi ilinifanya nitie gramu 150 za shayiri hiyo. Nikapata bia nyeusi yenye ladha ya mkaa, ikaishia kuchemshia nyama.

Pasha lita 15 za maji hadi nyuzi 70, tumbukiza nafaka ikiwa ndani ya mfuko wa kitambaa, koroga mabonge yavunjike. Joto litashuka hadi 67 hivi. Funika sufuria kwa blanketi saa nzima. Joto likishuka sana bia huwa nyepesi kama maji. Hiyo 67 huacha utamu kidogo unaolainisha ulimi. Inua mfuko, uache udondoke. Machicha huwapelekea kuku wa jirani.

Chemsha maji hayo ya kimea saa moja bila mfuniko, na usitoke jikoni: povu hufurika ukigeuza kisogo. Ikianza kutokota tia gramu 18 za hopi (maua yanayoipa bia uchungu) aina ya East Kent Goldings, basi. Kisha weka sufuria kwenye sinki la barafu hadi nyuzi 18. Kuanzia hapa, kila kinachogusa bia kiwe kimeoshwa na kutiwa dawa ya kuua vijidudu. Mimina kwenye ndoo kwa kishindo ili iingie hewa, nyunyiza nusu pakiti ya hamira ya bia (ya mandazi iache kabatini), funga mfuniko wenye kijibomba cha kutolea gesi.

Sasa ndipo ulaini unapopatikana au kupotea. Mwaka wangu wa kwanza niliweka ndoo kando ya hita, nikidhani joto litaiharakisha. Iliharakisha kweli: bia ilinuka ndizi na kuchoma koo kama chang'aa. Siku hizi inakaa chumba cha nyuma kisicho na hita, nyuzi 17 hadi 19, wiki mbili, na jua likiwaka naizungushia taulo lililoloweshwa maji.

Haidromita, kipimo cha uzito wa bia kinachoonyesha sukari iliyobaki, ikisoma 1.044 kabla ya kutia hamira, itatua karibu na 1.011. Pima tena baada ya siku tatu. Isipobadilika, tia kwenye chupa nzito za bia pamoja na gramu 60 za sukari kwa bia yote, iliyochemshwa kwa maji kidogo. Ikiwa bado inashuka, ngoja, maana chupa hupasuka. Ziache wiki mbili chumbani, kisha wiki moja kwenye friji.

Mimina taratibu, ubakize kidole kimoja cha mwisho chupani. Hamira imelala humo. Kaka yangu alipokuja kututembelea alisema kutupa ni dhambi, akanywa na mashapo. Usiku ule alikijua choo chetu vizuri.