Keki ya shuleni ikatwe nyumbani

Mtoto wa chekechea akitimiza miaka 5 siku ya shule, usimpelekee mwalimu keki nzima na kisu. Watoto 40 wakiiona, foleni imekufa. Oka kwenye trei ya sentimita 40 kwa 25, iache ilale usiku kucha, kisha kata 8 kwa 5: vipande 40 vya sentimita 5, saizi ya kiganja cha mtoto. Ukiikata ya moto inamomonyoka, nusu inabaki kwenye kisu. Chovya kisu kwenye maji ya moto, kifute, ndipo ukate. Krimu acha kabisa. Joto la Moshi mwezi wa pili linaiyeyusha kabla ya uji wa saa nne, na yote inaishia kwenye mashati meupe. Muulize mwalimu mapema kama kuna mtoto anayedhurika na mayai au karanga.

Na wajomba wanaopenda kumwagia maji mwenye sherehe, waombe wasubiri avue sare. Mtoto mdogo akimwagiwa ndoo ghafla analia kweli, na kesho yake shule haitaki. Wakishindwa kujizuia, basi kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, miguuni tu, tena aambiwe kwanza.