Kabla ya Kuwekewa Chuma Mwilini, Uliza Kimepakwa Nini

Mgonjwa anayewekewa chuma cha kushika mfupa au kiungo bandia akiambiwa "kimepakwa", anashusha pumzi, akidhani kipako hicho kinazuia bakteria. Ni haki yake, ila kwanza aulize kimepakwa nini.

Chukua pipa la maji la nyumbani. Lisiposuguliwa wiki mbili, ukipitisha kidole ubavuni kwa ndani unakutana na utelezi. Huo ni utando: bakteria wameshika ukuta na kujifunika kwa ute wao wenyewe. Ukimwaga maji hawaendi popote, mpaka usugue. Kwenye titani au chuma cha pua kilicholala ndani ya mfupa ni yale yale, na huko hakuna wa kusugua. Dozi inayoua bakteria wanaoelea huenda isiwatikise waliojifunika, na ndiyo maana watu hurudishwa thieta. Mwaka 1957 watafiti Elek na Conen walionyesha, kwa watu waliojitolea, kwamba uzi wa mshono ukiwepo kwenye ngozi, bakteria mia kadhaa wa aina ya stafilokoka hutosha kuleta usaha. Bila uzi walihitajika mamilioni.

Vita vyenyewe ni vya saa na siku za mwanzo: nani atawahi uso wa chuma, seli za mwili au bakteria. Vipako vinajaribu kumchelewesha bakteria. Kuna nondo za mfupa wa muundi zilizopakwa antibiotiki ya jentamaisini, zimetumika Ulaya. Sehemu kubwa ya dawa hiyo hutoka siku chache za mwanzo, halafu kinabaki chuma kama vingine. Kuna fedha, ile ya vito, inayopakwa kwenye viungo bandia vikubwa vya wagonjwa wa saratani ya mfupa. Madaktari wa Kanazawa, Japani, wametumia iodini. Vingine haviui, vinateleza tu ili bakteria asipate pa kushika. Na wapo walioiga bawa la nyenje, lenye vichongoma vidogo mno vinavyotoboa baadhi ya bakteria, lakini usitegemee kulikuta hilo wodini.

Mtego uko hapa. Nyonga bandia nyingi zimepakwa haidroksiapataiti, madini ya jamii ya yale yaliyomo kwenye mfupa. Kazi yake ni kuufanya mfupa ushikamane na chuma, bakteria haimhusu. Kwa hiyo jibu la "ndiyo, kimepakwa" halijakwambia kitu. Kwa upande mwingine, saruji ya kubandikia goti huenda tayari imechanganywa antibiotiki bila wewe kujua. Kama jentamaisini iliwahi kukudhuru, sema mapema, maana saruji au kipako kikishaingia hakipanguswi.

Wakikuletea bei ya chuma kilichopakwa, usikimbilie kuuza kiwanja. Muulize daktari wa mifupa kitakuongezea nini wewe. Aliyeanguka na bodaboda mfupa ukatokeza nje, au aliyewahi kuwa na usaha pale pale, ana sababu ya kukifikiria. Mwenye mfupa uliovunjika ndani kwa ndani na afya nzuri, sababu yake ni ndogo zaidi.

Na chuma cha kawaida, ambacho ndicho wengi wetu tutapata, kinalindwa na maandalizi. Sukari ishuke kabla ya tarehe. Sigara iachwe, angalau wiki nne. Jipu, kidonda kati ya vidole vya mguu, jino bovu, mkojo unaochoma: vitaje vyote, hata kama vinaonekana havihusiani na goti. Karibu mtu 1 kati ya 3 hubeba stafilokoka puani bila dalili, na WHO inashauri wabebaji wanaojulikana wapakwe antibiotiki ya mupirosini puani kabla ya upasuaji wa mifupa; uliza kama kwenu wanapima. Oga vizuri. Usinyoe kwa wembe usiku wa kuamkia upasuaji ukidhani unasaidia, kwa sababu vijikwaruzo vile ni milango. Sindano ya antibiotiki ya kinga hutolewa kabla ya kisu, ndani ya dakika 120, na kwa dawa nyingi ndani ya saa moja. Ndugu anayekusindikiza anaweza kumkumbusha nesi kwa adabu.

Kwa ajali ya mfupa kutoka nje nafasi ya hayo yote haipo. Hapo funika kidonda kwa kitambaa safi na uwahi hospitali, sindano ianze mapema.

Mwisho ni stika. Boksi la kipandikizi mara nyingi huwa na stika yenye jina, namba ya toleo na aina ya kipako. Omba ibandikwe kwenye faili, kisha uipige picha kwa simu. Mafaili yetu tunayajua.