Unabadilisha madirisha Malindi? Anza na upande wa magharibi

Kabla hujauliza bei ya kioo chochote, toka nje saa kumi alasiri na karatasi mkononi, uizunguke nyumba yako. Andika kila dirisha linalopigwa na jua. Kesho yake saa mbili asubuhi zunguka tena. Malindi iko kama nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko juu na paa ndilo linalolibeba. Madirisha ya kaskazini na kusini yanatosheka na upenu wa kawaida. Yenye taabu ni ya mashariki na magharibi, ambako jua huja likiwa chini na kuingia mpaka kitandani. La mashariki lina afadhali, maana ukuta bado una ubaridi wa usiku. La magharibi ndilo litakalokula pesa zako.

Mimi nasimamia nyumba za watu upande wa Casuarina, nyingi za Wataliano, na bili za stima hupitia mkononi mwangu. Kwangu mwenyewe ni Muyeye, bloku na bati, bila kiyoyozi. Ushauri wangu wa kwanza: usinunue madirisha ya nyumba nzima kwa mkupuo, nunua chumba kwa chumba. Amua vipi vitaishi kwa upepo na vipi vitafungwa kwa kiyoyozi, kwani kinachofaa huku hakifai kule.

Chumba cha upepo kinataka uwazi, kioo baadaye. Slaidi za alumini ndizo kila fundi atakuuzia, na zinapendeza, lakini slaidi hufunguka nusu tu. Nusu nyingine siku zote imekaa nyuma ya mwenzake. Nimeona watu waking'oa luva nzima nzima ili nyumba ionekane ya kisasa, halafu mwezi wa pili wanatafuta feni. Dirisha la bawaba hufunguka lote. Luva nazo hufunguka karibu zote, na mvua ya rasharasha ikija unazilaza kidogo, upepo ukaendelea kuingia. Wakati wa kusi na wakati wa kaskazi upepo hubadili upande, basi hakikisha una pa kuingilia na pa kutokea kwa pepo zote mbili, lau kidirisha juu ya mlango. Aibu ya luva ni moja: hazizibi. Ukitia kiyoyozi kwenye chumba cha luva, unapoza mtaa.

Chumba cha kiyoyozi ndicho chenye hesabu. Hapo muuzaji atakusifia kioo cha dabo, yaani vioo viwili vyenye nafasi iliyozibwa katikati, ambacho mafundi wetu waliofanya kazi na Wataliano hukiita vetrocamera. Ni kitu kizuri. Lakini kwanza jua kinazuia nini.

Chukua dirisha la magharibi la mita 1.2 kwa 1.5, kioo kimoja cheupe. Siku ya anga safi, jua la alasiri hulitupia kama wati 600 kwa kila mita ya mraba, na kioo cheupe hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya joto hilo. Ni wati 900 hivi, kama umeacha pasi ya stima imewaka chumbani. Madirisha mawili ya namna hiyo yanamaliza nusu ya kazi ya kiyoyozi cha BTU 12,000, ambacho uwezo wake wa kupoza ni kilowati 3.5. Sasa tazama joto linalopenya kwa sababu tu nje ni nyuzi 31 na ndani 25: kwa kioo hicho hicho ni kama wati 60. Dabo ya vioo vyeupe itakupunguzia nusu ya hizo 60. Zile 900 itazigusa kidogo tu.

Ndiyo maana kwenye karatasi ya kioo kuna namba mbili, na ya kwetu si ile inayosifiwa. U hueleza joto linalopita kwa tofauti ya ndani na nje: kioo kimoja ni kama 5.7, dabo ya kawaida kama 2.8, na dabo nzuri ya Ulaya hufika karibu 1.1. Namba hiyo ni ya watu wa baridi kwanza. Ya pili huandikwa SHGC, au g kwa bidhaa za Ulaya, nayo hueleza sehemu ya joto la jua inayoingia. Kioo cheupe ni 0.8 na ushei. Unachokitafuta wewe ni 0.3 au chini yake. Mwenye nyumba mmoja alileta madirisha yake kwa kontena, U yake ya kujivunia, lakini g ni 0.6. Kwao jua la Januari ni mgeni wa heshima, hulifungulia mlango. Kwetu Januari ni kaskazi na joto.

Lakini usikimbilie kioo kabla ya kivuli. Kivuli cha nje hulizuia jua kabla halijagusa kioo, na kwa pesa kidogo. Pazia zito la ndani halikusaidii sana, joto limeshaingia. Wala upenu mfupi hautoshi upande wa magharibi: kwa jua la saa kumi, upenu wa sentimita 60 hutia kivuli kama sentimita 40 za juu za dirisha, chini yote jua. Huko kunataka kitu cha kusimama wima, kama vibao vya mbao vya kufungua na kufunga, au chiki ya mianzi ya kukunja, au makuti yateremshwe hadi usawa wa kichwa. Mwarobaini ukipandwa umbali wa kutosha na msingi hufanya kazi hiyo bure, ukiwa na subira ya miaka michache. Mara nyingi kivuli kikishakaa sawa, kioo cha bei huhitajiki tena.

Panapokosekana nafasi ya kivuli, au pale unapotaka kuiona bahari, ndipo lipia kioo. Cha kuomba huitwa Low-E cha kuzuia jua: kina utando wa madini mwembamba usioonekana, unaorudisha nje joto la jua na kuacha mwanga upite. Kioo cha rangi peke yake ni nusu ya dawa, kwani hunywa joto, kikawaka chenyewe, na sehemu ya joto hilo hurudi ndani. Kiguse alasiri utajua. Kioo cha kung'aa kama cha kujitazamia hurudisha jua vizuri zaidi, ila usiku ukiwasha taa mambo hugeuka: walio nje wanakuona, wewe huwaoni. Kwa nyumba ya watu wa stara hilo si jambo dogo.

Dabo yenye utando ikifika, usiipokee kwa maneno. Simama upande utakaokuwa wa nje, washa kiberiti karibu na kioo, utazame ndani yake kwa mshazari. Utaona miali minne, miwili kwa kila kioo. Ukiona miwili tu, umeletewa kioo kimoja. Mmoja katika hiyo minne utakuwa na rangi tofauti, kama wekundu au zambarau: huo ndio utando. Kwa nchi ya joto unatakiwa uwe mwali wa pili kuhesabu kutoka nje. Ukiwa wa tatu, kioo kimegeuzwa, au kimetengenezwa kwa ajili ya baridi. Fundi mmoja aliniambia, "Mama, si vyote ni vioo?" Nikampa kiberiti ahesabu mwenyewe.

Fremu nazo zina mambo, kwa sababu ya chumvi. Tazama dirisha lolote la alumini karibu na ufuo lililofungwa kwa skrubu za chuma: kila kichwa cha skrubu kina unga mweupe pembeni, na chini yake mchirizi wa kutu. Madini mawili tofauti yakikutana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa. Agiza skrubu za stenlesi daraja la 316, uziandike kwenye risiti. Alumini hupitisha joto upesi, kwa hiyo rangi nyeupe ni bora kuliko ile kahawia ya giza inayopendwa siku hizi. Mbambakofi haina matatizo hayo, isipokuwa bei. Fremu za plastiki ngumu hazijui kutu, chagua nyeupe.

Ndugu zetu wa Lamu wana jambo la ziada: mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kubomoa dirisha pitieni kwanza ofisi ya Makumbusho.

Kupima, mwachie fundi lakini simama naye. Upana mara tatu, juu, katikati na chini; urefu vilevile; ndogo kuliko zote ndiyo ya kuagizia, ukipunguza kama milimita 5 kila upande kwa ajili ya silikoni. Kuta zetu za mawe ya matumbawe hazinyooki, pima na pembe kwa pembe. Kioo kilichoimarishwa kwa moto hakikatwi tena kikishatoka kiwandani, kikizidi sentimita moja ni hasara. Kizingiti kiteremke kwa nje, na vitundu vya kutoa maji chini ya fremu visizibwe na silikoni, maana mvua ya Mei huja na kusi, ikilala.

Kabla ya malipo ya mwisho, nje mwagia mpira wa maji dirisha zima huku mtu akiangalia ndani. Kisha, upepo ukiwa unavuma nje, funga chumba, zima kiyoyozi na feni, ufukize udi, upitishe chetezo taratibu kando ya fremu. Moshi ukivutwa au kusukumwa pembeni, pana mwanya. Mwonyeshe fundi pale pale, azibe. Ukiwa umeridhika mlipe siku hiyo hiyo, usimzungushe.