Somo: Siku moja ya mafundi na mto, Hoi An

Wengi humu kikundini mmeniuliza nilivyoipanga ile siku ya Hoi An kule Vietnam, nikaahidi kuandika. Nimezaliwa Pangani, mama alikuwa msukaji wa mikeka na baba alikuwa na ngalawa, kwa hiyo nitakaa sana kwenye mikeka na vyombo vya majini, na mengine nitayapita.

Kwanza mjue mji wenyewe. Hoi An uko Vietnam ya kati, ukingoni mwa mto Thu Bon, karibu na mlango wa mto unaoitwa Cua Dai. Kuanzia karne ya 15 hadi ya 19 ulikuwa bandari kubwa. Wachina na Wajapani walikuja na pepo za msimu, wakauza, wakakaa kungoja upepo ugeuke warudi kwao. Mtu wa Lamu au Kilwa hahitaji kuelezwa zaidi. UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1999. Tangu Julai 2025 mkoa wa Quang Nam umeunganishwa na jiji la Da Nang, basi mkiona anwani ya Hoi An imeandikwa Da Nang, hamjapotea.

Siku ya kwanza nilinunua safari ya vituo saba. Unashushwa, unashika udongo dakika kumi, unapigwa picha, unapandishwa tena garini. Jioni nilikuwa nimechoka na hakuna fundi hata mmoja niliyezungumza naye. Kesho yake nikapanga mwenyewe: vijiji viwili vya mafundi, kisha mto. Hiyo ndiyo siku ninayowafundisha.

Hatua ya 1: Chagua tarehe

Februari hadi Mei mapema ndio wakati mzuri. Juni hadi Agosti jua ni kali. Oktoba na Novemba mto hufurika hadi ndani ya mji wa kale. Katika nyumba kongwe ya Tan Ky utaona alama ukutani za kila mafuriko makubwa, na ya mwaka 1964 iko juu ya kichwa cha mtu.

Ukiweza, lenga tarehe 14 ya mwezi wa kalenda yao ya mwandamo. Usiku huo taa za umeme za mji wa kale hupunguzwa, barabara zikabaki na mwanga wa fanusi. Kalenda yao huanza mwezi siku moja au mbili kabla ya yetu ya Kiislamu, kwa hiyo usiku huo huangukia karibu kabisa na mwanzo wa siku nyeupe, yaani tarehe 13 hadi 15. Ukijua hesabu ya mwezi wa Kiislamu, umeshaipata.

Hatua ya 2: Jifunze kuamkia

Wavietnam, kama sisi, humwita mtu kwa undugu. Mwanamke mzee ni *bà*, yaani bibi. Aliye rika la shangazi yako ni *cô*, na mwanamume wa rika la baba mdogo ni *chú*. Tanguliza *chào*, useme *chào bà*, ukiinamisha kichwa kidogo. Nimeona nyuso zikibadilika kwa neno hilo moja. Usiingie karakana ya mtu ukiwa umetanguliza simu.

Hatua ya 3: Asubuhi, ufinyanzi wa Thanh Ha

Azima baiskeli pale unapolala, nyumba nyingi za wageni zinazo. Thanh Ha iko kama kilomita 3 magharibi ya mji wa kale, kandokando ya mto. Ondoka mapema kabla jua halijakaza. Utakata tiketi unapoingia kijijini.

Ufinyanzi wa pale wa jadi ni kazi ya watu wawili. Mmoja husimama kwa mguu mmoja, na kwa mguu wa pili anazungusha gurudumu. Mwenzake amechuchumaa akiuvuta udongo upande. Hawasemeshani. Mikono ikitaka kasi, mguu unajua. Wafinyanzi wetu wa Upareni hujenga chungu kwa mkono bila gurudumu lolote, na nilipomwonyesha bibi mmoja picha zao kwenye simu aliita wenzake watatu waje kuona.

Omba kujaribu. Chungu changu kilianguka mara mbili kwa sababu nilibana vidole. Yule bibi akaweka kiganja chake juu ya changu, kikasimama. Usitegemee kuondoka nacho siku hiyohiyo, maana udongo lazima ukauke kabla ya kuingia tanurini. Badala yake utapata *tò he*, filimbi ndogo ya udongo yenye umbo la mnyama. Vyombo vya Thanh Ha havipakwi rangi ya kung'aa, hubaki na wekundu wa udongo.

Hatua ya 4: Vuka kwenda Kim Bong

Kim Bong iko kwenye kisiwa cha Cam Kim, ng'ambo ya mji wa kale. Unaweza kupita darajani, lakini mimi nawashauri mvuke kwa boti ndogo pamoja na baiskeli. Patana nauli kabla ya kupanda.

Hiki ni kijiji cha maseremala. Mikono ya Kim Bong imo katika nyumba za Hoi An na hata katika majumba ya kifalme ya Hue. Bado wanachonga, na bado wanatengeneza vyombo vya mbao.

Mimi lakini nilizama kwenye mikeka. Sisi tunasuka ukili kwanza, ule ukanda mrefu mwembamba, kisha tunashona mkeka. Wao hawashoni kabisa. Wametandaza nyuzi kwenye fremu iliyo chini karibu na ardhi, akina mama wawili wamekaa. Mmoja anachomeka jani la jamii ya ndago, refu na lililokwisha kutiwa rangi, kwa kijiti kirefu chembamba hadi upande wa pili. Mwenzake anashusha ubao mzito, *pu*, kubana. Jani, *pu*. Jani, *pu*. Kila mara ubao unageuzwa kidogo, mara mbele mara nyuma, ndipo nyuzi zinapishana. Nilikaa pale karibu saa mbili. Nilipewa ubao, na mkono ukaniuma siku mbili.

Nunua mkeka hapohapo kwa aliyeufuma. Hukunjwa, unaingia sandukuni.

Hatua ya 5: Chakula na kivuli

Pumzika saa sita hadi saa tisa. Hakuna haja ya ushujaa kwenye jua lile.

Hatua ya 6: Alasiri, mtumbwi wa kapu Cam Thanh

Mashariki ya mji, karibu na mlango wa mto, kuna msitu wa minazi ya majini. Si minazi yetu. Haina shina la kupanda, makuti yanatokea matopeni na kusimama juu ya kichwa chako. Wakati wa vita vya Vietnam wapiganaji walijificha humo. Vijito vyake hupitwa kwa *thúng chai*, chombo cha duara kama ungo mkubwa.

Husukwa kwa mianzi iliyopasuliwa, matundu huzibwa kwa samadi mbichi ya ng'ombe, ikikauka hupakwa utomvu wa mti. Kafi ni moja tu, unalitumia mbele na si ubavuni, ukichora namba nane ndani ya maji. Ukipiga kafi kama kwenye mtumbwi wetu utazunguka palepale.

Waulize mapema kama njia wanayokupeleka ina spika. Sehemu moja ya msitu hujaa muziki wa nguvu na watu wanaozungushiwa makapu kama pia ya watoto. Omba vijito vya ndani, na uulize maji yanajaa saa ngapi, maana yakitoka vinakuwa na kina kifupi. Jaketi la kuokolea ulivae hata kama umekulia baharini.

Hatua ya 7: Usiku

Rudi mjini. Boti za makasia hubeba wageni kwenye mto, nao huweka majini vifanusi vya karatasi vyenye mshumaa vielee. Nilipanda, ila sikuweka changu. Asubuhi nilikuwa nimeona mabaki ya karatasi yamekwama ukingoni. Panda kwenye kituo chenye bei iliyobandikwa.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Dodoma: Dada, shukrani. Viza kwa Mtanzania ikoje?

Kaka, unaomba kwa intaneti. Tangu Agosti 2023 viza hiyo hutolewa kwa raia wa nchi zote na inafika hadi siku 90. Nililipa dola 25 ya kuingia mara moja. Tumia tovuti ya serikali yao, si ya madalali. Ukifika, laini ya Viettel inashika vizuri. Ndiyo kampuni mama ya Halotel yetu na Lumitel ya Burundi.

Mwanachama, Mombasa: Shoga, sisi Waislamu tutakula nini huko?

Uangalifu unahitajika, mpenzi. *Cao lầu*, tambi maarufu za Hoi An, zina nguruwe, na mafuta yake huingia hata kwenye vyakula usivyovidhania. Tafuta neno *chay*, yaani chakula kisicho na nyama kabisa. Kwa mdomo sema *tôi không ăn thịt heo*, sili nguruwe. Mimi nilishinda kwa *chay*, wali na matunda.

Mwanachama, Bujumbura: Pesa zao zina sifuri nyingi sana. Hukuibiwa?

Nilikaribia kujiibia mwenyewe! Noti ya dong 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu. Ya 20,000 ina picha ya lile daraja la kale la Kijapani la Hoi An. Tenganisha hizo mbili kwenye mifuko tofauti kabla ya kutoka nyumbani.

Mwanachama, Muscat: Tutalala Da Nang pamoja na mama yetu wa miaka 70. Siku hii inawezekana?

Inawezekana, ni kama kilomita 30 tu. Ila acheni Thanh Ha na baiskeli, mwende moja kwa moja Kim Bong. Mama akae na wafuma mikeka, hatataka kuondoka. Kwenye kapu mumketishe katikati, chini kabisa, na muombe mpiga kafi mzoefu. Mpeni shikamoo yangu.

Mwanachama, Tumbatu: Mimi ni fundi wa vyombo. Kwa nini duara? Chombo kisicho na omo wala tezi kinapasuaje wimbi?

Fundi, swali lako nililiuliza. Wenyewe husimulia kwamba Wafaransa walitoza kodi vyombo, wavuvi wakasema hili ni kapu, si chombo. Kuhusu wimbi, hakilipasui; kinalipanda. Pwani kule mawimbi huvunjika karibu na mchanga, na mvuvi hutoka kwenye kapu hadi kwenye chombo kikubwa kilichotia nanga. Ukingo wake una mianzi minene iliyofungwa pamoja kwa kamba, bila msumari. Kalafati kama yetu, ya kuziba mianya kwa pamba, hakuna, kazi yote ni ya samadi na utomvu. Siku hizi mengi ni ya plastiki, lakini mzee niliyemkuta alikuwa anasuka jipya la mianzi. Nilipiga picha za ukingo na sakafu kwa karibu kwa ajili ya watu kama wewe. Nitaziweka hapa kesho, inshallah.