AC ya gari haipoozi? Kabla hujajaza gesi, jua kwanza ile ya mwanzo ilienda wapi

Mwezi wa pili Dar es Salaam, saa nane mchana, upo kwenye foleni ya Ubungo na AC inakupulizia upepo wa moto kama wa mdomoni. Hapo wengi wetu kitu cha kwanza kinachokuja kichwani ni gesi imeisha, nikajaze. Mimi nilijaza mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kila nikijaza baridi inakaa wiki sita saba afu inaanza kupungua taratibu, narudi, nalipa tena, na katika mafundi wote hao hakuna hata mmoja aliyeniuliza ile ya mwanzo imeenda wapi. Na hilo ndo swali lenyewe. Gesi ya AC haiungui kama petroli, inazunguka tu ndani ya mfumo uliofungwa, miaka na miaka. Kuna kidogo sana inapenya kwenye mipira na sili ya kompresa (ile pampu inayosukuma gesi izunguke), sawa, gari ya miaka kumi inaweza kuwa imepungukiwa. Ila ikiisha ndani ya miezi miwili hiyo inavuja, na kuongeza bila kuziba ni kumwaga hela barabarani.

Tuanze na vitu ambavyo havihitaji gesi kabisa maana kesi nyingi zinaishia hapa. Washa gari, washa AC, baridi ya mwisho na feni ya mwisho, weka mkono kwenye matundu ya upepo. Kama upepo wenyewe ni dhaifu, acha gesi, angalia filta. Kwenye Toyota nyingi tunazoagiza Japani inakaa nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria, unatoa vitu, unabana kuta za droo kwa ndani inashuka, nyuma yake kuna kimfuniko chembamba chenye vibano viwili, vuta. Niliyoitoa kwenye gari ya shemeji yangu ilikuwa na majani ya mwarobaini, manyoya ya kuku na vumbi limeshikamana mpaka linabanduka kama kipande cha blanketi, na yeye alikuwa ameshaambiwa kompresa imekufa! Tuliweka filta mpya, dakika tano, AC ikarudi.

Upepo ukiwa mzuri ila sio wa baridi, fungua boneti uangalie kompresa. Ile puli inazunguka muda wote, lakini sahani ya mbele yake inatakiwa izunguke pale tu AC ikiwashwa, na utasikia "tak" ikidaka. (Baadhi ya magari ya karibuni kompresa yake haina klachi, inazunguka muda wote, kwa hiyo hapo usitegemee huo mlio.) Isipodaka cheki fyuzi, afu rilei, mara nyingi kwenye boksi lilelile kuna rilei ya kitu kingine inayofanana nayo namba kwa namba, badilishana nayo uone. Bado? Basi inawezekana gesi ni ndogo na swichi ya presha imezuia kompresa makusudi. Na hapa nawaomba sana, mtu asikushawishi kuunganisha waya moja kwa moja ili kompresa "ilazimike" kufanya kazi, ile swichi ipo kwa sababu oili ya kompresa inasafiri pamoja na gesi, gesi ikiwa hamna na oili hairudi, kompresa inajisaga yenyewe.

Kama AC inapooza ukiwa unatembea ila ukisimama kwenye foleni inakuwa ya moto, angalia feni ya mbele. AC ikiwashwa inatakiwa izunguke. Angalia na kondensa, ile inayofanana na rejeta imekaa mbele kabisa, ikijaa matope na wadudu joto halitoki. Ioshe kwa maji ya kawaida taratibu, usipige na mashine ya presha kwa karibu, yale mapezi ya alumini yanalala halafu hewa haipiti tena.

Sasa paipu. Kuna nene na kuna nyembamba. AC ikiwa imewaka dakika tano hivi ile nene inayorudi kwenye kompresa inatakiwa iwe baridi, na kwa unyevunyevu wa Dar itatoa jasho kabisa kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, nyembamba iwe ya moto au vuguvugu. Zote zikiwa joto lilelile na kompresa inazunguka, gesi ni ndogo au kompresa imechoka.

Kwenye kutafuta linapovuja ndo panataka subira. Oili inatoka pamoja na gesi, kwa hiyo tafuta sehemu yenye unyevu wa mafuta uliodaka vumbi: maungio ya paipu, mbele ya kompresa, kona za kondensa, vali za kujazia. Kwangu ilikuwa kona ya chini ya kondensa, doa jeusi ukubwa wa sarafu, ukiligusa linateleza. Nikachanganya sabuni ya kuoshea vyombo na maji kidogo nikapaka kwa brashi, gari imezimwa, nikakaa chini nikaangalia. Ilichukua kama dakika mbili, afu vikaanza kutoka vipovu vidogo sana, kimoja kimoja, vinajipanga. Miezi yote ile, hela yote ile, ni hapo.

Kama gesi imeshaisha yote mfumo unajazwa naitrojeni ndo unapakwa povu. Naitrojeni, sio oksijeni ya welding! Oksijeni yenye presha ikikutana na oili inalipuka. Na upepo wa kujazia matairi nao hapana, unaingiza unyevu. Kuna na rangi maalum inayong'aa kwa tochi ya UV, inasaidia kwenye evapureta, ile sehemu inayopoza upepo, iliyojificha ndani ya dashibodi ambako povu halifiki.

Ukishapajua, rekebisha. Gesi iliyobaki isiachiwe hewani, kilo moja ya R134a, gesi ya AC ya magari mengi, inapasha joto dunia sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa, na ndo jamii ya gesi ambazo mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali zikakubaliana kuzipunguza. Tafuta fundi mwenye mashine ya kuinyonya. Oringi za maungio uliyofungua weka mpya za rangi ya kijani za AC, zipake oili ya kompresa kabla ya kufunga, na draya, kile kikopo cha kunyonya unyevu, ibadilishe kama mfumo ulikaa wazi maana imeshanyonya unyevu. Kondensa mpya ongeza na oili kidogo kufidia iliyobaki kwenye ya zamani, kipimo kipo kwenye kitabu cha gari. Ila kama kwenye paipu umekuta unga mweusi unaong'aa hiyo ni kompresa imejisaga, usifunge nyingine hapohapo, mfumo wote usafishwe na kondensa na draya viwe vipya, la sivyo mpya nayo itakufa.

Na wenye haibridi, Aqua, Prius na ndugu zake: kompresa yake ni ya umeme mkubwa, inatumia oili yake maalum isiyopitisha umeme. Oili ya kawaida ikiingia hata kidogo inaharibu. Hiyo peleka kwa anayeijua, waya za rangi ya chungwa usiziguse.

Kisha vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu wote uliobaki ndani ya mfumo kwa pampu. Hii ndo hatua mafundi wengi wanairuka, wanafunga na kujaza palepale. Hewa ikibaki ndani presha inapanda bila baridi, na maji yakibaki yanaganda kwenye vali ya kupunguza presha kabla ya evapureta, AC inapooza dakika kumi inaacha, inaanza tena. Pampu ifanye kazi dakika 30 mpaka 45, sindano ya geji (ile seti ya vipimo vya presha yenye mipira ya bluu, nyekundu na njano) ishuke mpaka karibu na inchi -30 za zebaki, funga geji, zima pampu, subiri nusu saa. Sindano ikipanda, bado panavuja, rudi kwenye kutafuta.

Kujaza sasa. Vaa miwani na glovu, R134a ya majimaji inachemka kwenye -26°C, tone likiingia jichoni ni hatari ya kweli. Soma stika chini ya boneti, imeandikwa aina ya gesi na gramu, magari mengi madogo ni kati ya 400 na 600. Magari mapya mengine yanatumia R1234yf, hizo hazichanganywi. Na usikubali kujaziwa gesi ya kupikia kwenye AC ya gari. Mtungi wa bei ya ajabu nao uogope, mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazil na mafundi watatu wakafa kwa sababu ya gesi feki iliyokuwa inashambuliana na alumini.

Weka mtungi juu ya mizani, umesimama wima, toa hewa kwenye mpira wa njano, fungua upande wa bluu tu, yaani presha ndogo, ile paipu nene. Upande mwekundu usiufungue wakati gari inawaka hata siku moja, presha inarudi kwenye mtungi. Iache iingie gari imezimwa mpaka isimame, afu washa gari, AC mwisho, vioo wazi, mtu ashikilie mafuta injini iwe kwenye mizunguko 1500 kwa dakika, endelea kidogo kidogo mpaka gramu zitimie. Usijaze kwa kuangalia geji peke yake, wala kwa kusema ongeza kidogo iwe baridi zaidi, ikizidi baridi inapungua na kompresa inateseka.

Kwa joto la nyuzi 30 na kidogo, geji ya bluu ikikaa psi 30 mpaka 45 na nyekundu psi 200 mpaka 250 upo vizuri. Bluu juu na nyekundu chini ni kompresa imechoka. Zote juu, gesi imezidi au kondensa haipati hewa. Bluu inashuka mpaka chini ya sifuri, ile vali ya kupunguza presha au draya imeziba. Chomeka kipimajoto kwenye tundu la katikati, ukipata chini ya nyuzi 10 baada ya kuendesha kidogo, hata 12 siku ya unyevu mwingi, imekubali.

Mwisho rudisha vile vifuniko vidogo vya plastiki kwenye vali za kujazia, vina oringi ndani na vinazuia gesi kupenya vali ikilegea. Kwenye gari nyingi utakuta vimepotea. Vyangu nilivikosa vyote viwili, nikavipata kwenye gari iliyokatwa spea, na pembeni yake chini ya boneti nimebandika karatasi ya tarehe na gramu nilizojaza.