Stoikiometria: swali linapokupa gramu za vitendanishi viwili

Katika stoikiometria, yaani hesabu za kiasi cha vitu katika mmenyuko wa kemikali, ukipewa gramu za kitendanishi kimoja (kitu kinachoingia kwenye mmenyuko), swali halina taabu. Kazi huanza ukipewa viwili, kama swali aliloniletea mpwa wangu wa kidato cha tatu: gramu 80 za oksidi ya chuma (Fe₂O₃) zimechanganywa na gramu 21.6 za unga wa alumini, kisha zikawashwa. Zitapatikana gramu ngapi za chuma? Huu ndio mchanganyiko wa termiti, uliopewa hataza na Mjerumani Hans Goldschmidt mwaka 1895, na hadi leo mafundi huungia vyuma vya reli kwa huo.

Hatua ya 1. Sawazisha mlinganyo:

Fe₂O₃ + 2Al → Al₂O₃ + 2Fe

Hatua ya 2. Gawa gramu kwa masi ya moli, yaani gramu za moli moja (moli ni kipimo cha wingi wa chembe), ili upate moli (Fe = 56, O = 16, Al = 27).

Fe₂O₃: 80 ÷ 160 = moli 0.5
Al: 21.6 ÷ 27 = moli 0.8

Zile pembetatu za kukumbushia fomula, zenye masi juu, moli na masi ya moli chini, siziafiki. Ukisahau herufi ipi inakaa juu, umekwisha.

Hatua ya 3. Tafuta kinachoisha kwanza, yaani kitendanishi kikomo. Alama nyingi hupotea hapa. Mwanafunzi anaona 0.5 ni ndogo kuliko 0.8, anaandika kuwa oksidi ndiyo kikomo. Sivyo. Mwenye fremu 5 na magurudumu 8 ataunda baiskeli 4, na kitakachomwishia ni magurudumu.

Gawa moli za kila kitendanishi kwa namba iliyo mbele yake katika mlinganyo:

Fe₂O₃: 0.5 ÷ 1 = 0.5
Al: 0.8 ÷ 2 = 0.4

Jibu dogo ndilo kikomo: alumini. Ila angalia. Hiyo 0.4 ni ya kulinganishia tu. Moli za alumini bado ni 0.8, na ndizo utakazoendelea nazo. Usigawe kwa ile 2 ndogo ya chini katika Fe₂O₃ pia, maana hiyo imeshahesabiwa ndani ya 160. Tena usilinganishe gramu kwa gramu. Na namba zikiwa na desimali ndefu, usikadirie hapa. Subiri jibu la mwisho.

Hatua ya 4. Moli 2 za Al hutoa moli 2 za Fe, kwa hiyo 0.8 hutoa 0.8.

0.8 × 56 = gramu 44.8 za chuma

Hatua ya 5. Hakiki kwa masi. Wengi huiruka, mimi siiruki hata kwenye mtihani. Moli 0.8 za Al hutumia nusu yake ya oksidi ya chuma, 0.4, na hutoa 0.4 za oksidi ya alumini. Oksidi ya chuma iliyobaki ni 0.5 − 0.4 = 0.1, yaani 0.1 × 160 = 16. Oksidi ya alumini ni 0.4 × 102 = 40.8. Jumlisha na chuma: 101.6, sawasawa na 80 + 21.6 ulizoanza nazo. Aliyeishika oksidi kuwa kikomo atapata 56 za chuma na 51 za oksidi ya alumini, jumla 107. Mwulize hizo gramu 5.4 za ziada kazitoa wapi.